Kabla hujabonyeza kitufe cha ratiba, funga vipindi vya watu wasiokuwepo

Ratiba ya muhula huu imebandikwa tangu Jumatatu, na hadi leo hakuna mwalimu aliyenifuata na kipindi kilichogongana. Najigamba, ndiyo. Muhula uliopita nilipotangaza ofisini kwamba safari hii tutatumia aSc Timetables, programu ya kupanga ratiba, kaka mmoja aliuliza kama kompyuta nayo itaingia kidato cha pili kufundisha. Watu walicheka. Sijasahau, na nilivyo hivi sitasahau.

Shule yetu ni ya binafsi, iko Mbagala, na walimu wa sayansi tunagawana na shule nyingine, kama wengi hapa Dar. Mtaaluma mwenzangu, mpanga ratiba wa shule, unayesoma hapa unalijua hilo.

Programu yenyewe ni ya Waslovakia, unaifungua kwenye kivinjari tu. Kuingiza masomo, madarasa, vyumba na majina ya walimu ni kazi ya kuchapa, nairuka. Shida ni kwamba mtu akimaliza hapo anakimbilia kutengeneza ratiba. Usikimbilie. Fungua mwalimu mmoja mmoja, nenda kwenye jedwali la muda wake, kisha bofya kila kipindi asichokuwepo mpaka tiki ya kijani igeuke msalaba mwekundu. Alama ya kuuliza nayo ipo, maana yake "ikibidi sana". Itumie kwa uchoyo. Ijumaa mchana wafungie wanaokwenda swala kabla hawajakukumbusha.

Sasa sikiliza hii. Mwalimu wetu wa Fizikia anakuja siku tatu, siku ina vipindi tisa: nafasi 27. Uongozi ulimpa mikondo minane, kila mkondo vipindi vinne: 32. Miaka yote tulikuwa tunamsema vibaya kwamba anakimbia vipindi! Nilipobonyeza kitufe cha kupima, ambacho unakibonyeza kabla ya kutengeneza, programu ikaniwekea jina lake mbele. Nikaichukua hesabu hiyo kwa mkuu wa shule. Mikondo miwili ikahamia kwa mwalimu mwingine, na mzee wa watu akabaki na 24, anapumua.

Vipindi pacha vya maabara, yaani viwili mfululizo, navyo viangalie. Programu inakuruhusu kukataza pacha isikatwe na mapumziko ya chai. Usipokataza, wanafunzi wataacha asidi mezani wakafuate maandazi.

Kila kipindi kwenye programu ni kadi; ikitokea kadi zimebaki chini ya ukurasa hazina pa kukaa, usizilazimishe kwa mkono. Rudi kwenye misalaba yako, uliza nani anaweza kulegeza. Narudia: ratiba ni watu kwanza, vipindi baadaye. Walimu wenzangu tumezoea kulaumu mashine, kulaumu mtandao, kulaumu umeme, na huku hatujamuuliza mwenzetu anafika saa ngapi kutoka Kigamboni. Tubadilike.

La mwisho, nenosiri. Walimu wape ruhusa ya kutazama, siyo ya kuhariri. Kuna mtu, simtaji, aliazimwa akaunti "aangalie tu", kesho yake vipindi vyake vyote vya saa nane vilikuwa vimehamia asubuhi na Hisabati ya kidato cha nne imesukumwa mchana. Ni yule yule aliyeuliza kama kompyuta itafundisha. Siku hizi anatazama ratiba kwenye simu yake kama wengine, na akitaka kuhamishiwa kipindi ananiandikia barua.