Mbona risasi inapiga chini ya hesabu?

SWALI: Programu ya kukokotoa njia ya risasi inanipa marekebisho ya darubini kwa mita 800, lakini risasi za kipimo cha .308 zinapiga nusu mita chini. Kwenye mita 100 bunduki haina shida. Kosa liko wapi?

JIBU: Anza na kasi. Ile iliyoandikwa kwenye boksi la risasi mara nyingi hupimwa kwa mtutu wa inchi 24; wako ukiwa wa 20, risasi hutoka polepole, na upungufu wa mita 30 kwa sekunde unatosha kuleta kosa hilo. Piga risasi 10 kupitia kronografu (kifaa cha kupima kasi ya risasi), uingize wastani kwenye programu.

Kisha ijaribu darubini: kwenye mita 100, zungusha kirekebishi (kitufe cha darubini cha kupandisha shabaha) miliradiani 10, yaani vipimo vya pembe ambavyo kila kimoja ni sentimita 10 kwenye mita 100, kisha piga; tundu la risasi lipande mita 1 kamili. Likipanda sentimita 95, programu haina lawama.

Shinikizo la hewa unaloingiza liwe la hapo uwanjani, si lile la utabiri wa hali ya hewa lililorekebishwa kwa usawa wa bahari. Ila kosa hilo, tuseme Nairobi iliyo juu sana ya bahari, lingepeleka risasi juu, kwa kuwa programu ingedhani hewa ni nzito kuliko ilivyo.