Miche ya njano haijafa

Umeuliza kama uitupe miche ya maharage uliyootesha kabatini, kwa kuwa imekuwa ya njano na mirefu. Usiitupe. Imekuwa hivyo kwa sababu mche ukiwa gizani hutumia akiba ya mbegu kurefuka tu, ukitafuta mwanga. Majani yake yana etioplasti, yaani kloroplasti (vijisehemu vya seli ambamo mmea hutengeneza chakula kwa mwanga) ambazo hazijakamilika, zenye malighafi ya klorofili, ile rangi ya kijani ya majani. Kimeng'enya cha kuigeuza malighafi hiyo kuwa klorofili hakifanyi kazi bila mwanga. Ukiitoa miche gizani, hatua hiyo ni ya kufumba na kufumbua. Tando za kunasia nuru ndizo huchukua saa nyingi kujengwa. Kijani utakiona ndani ya siku moja au mbili.

Ila usiianike juani saa sita mchana! Majani hayo machanga huungua upesi. Anza kivulini. Shina halitarudi kuwa fupi, lisimikie kijiti.