Muulize Bibi Mkunga: Kwa nini mzee alinigeuzisha koti?

SWALI: Shikamoo Bibi. Ninatunza wazee vijijini, kaunti ya Galway, Ayalandi. Nyuma ya nyumba ya mzee mmoja, kwenye malisho ya kondoo, pana gofu la kanisa, mti wa miiba na vijiwe visivyoandikwa kitu. Juzi nilikatiza hapo kuwahi basi. Mzee aliniita kwa ukali, akanitaka nivue koti nilivae bitana ikiwa nje. Hataki kunieleza. Ni uchawi? Niache kazi?
Msomaji, Galway

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kazi usiache. Kwa ulivyoeleza, hapo ni cillín, jina linalotokana na cill, yaani kanisa kwa Kiayalandi. Ndipo walipozikwa watoto waliokufa kabla ya kubatizwa.

Makaburi ya parokia yalikuwa ardhi iliyobarikiwa, na kichanga asiyebatizwa hakuruhusiwa kulala humo. Watu walifundishwa kwamba roho yake imekwenda limbo, pasipo mateso na pasipo kumwona Mungu. Basi baba alitoka usiku na kisanduku, akaenda kwenye magofu ya kanisa la kale, au ufukweni, au mpakani mwa mashamba. Akachimba, akaweka jiwe, pengine na vijiwe vyeupe vya kung'aa. Mama alibaki kitandani, na wengi hawakuonyeshwa mahali penyewe hadi wakafa. Sehemu za namna hiyo zinazojulikana ni zaidi ya 1,000, na baadhi zilitumika hadi karne ya 20.

Sasa koti. Wazee wa huko husimulia kwamba ukikanyaga kaburi la mtoto wa namna hiyo, njia inakupotea hata ndani ya shamba unalolijua. Utazunguka usiku kucha bila kuona geti. Dawa yake ni kugeuza koti. Kati ya 1937 na 1939 watoto wa shule nchini humo walitumwa kuandika masimulizi ya wazee wao, na habari za kupotea hivyo zimo. Mimi siuiti uchawi. Nani angekumbuka makaburi yasiyo na jina, kama si woga wa kuyakanyaga?

Nilikuwa mkunga wa hospitali ya misheni miaka 31. Kanisa Katoliki linaruhusu mtu yeyote kumbatiza mtoto aliye hatarini kufa, kwa hiyo kikombe cha maji hakikukosekana karibu na kitanda cha kujifungulia. Wapo niliowawahi. Wapo ambao sikuwawahi, na usiku mmoja mama aliniuliza, "Nesi, mwanangu atapokelewa na nani?" Nikamshika mkono tu. Mwaka 2007 tume ya wanateolojia ya Vatikani, kwa idhini ya Papa Benedikto XVI, ilisema ipo misingi ya kutumaini kwamba watoto hao wanaokolewa. Niliposikia nilimlilia yule mama, maana sikujua tena pa kumpata nimweleze.

Mzee wako huenda ana ndugu yake pale, mwanangu, au mtoto wake. Usimhoji. Mkiwa mnakunywa chai mwombe radhi, umwambie hukujua. Akitaka kusema, atasema. Wewe msikilize tu. Na kesho zunguka na barabara, hata basi likikuacha.