Pampu Kwanza, Taa Baadaye: Namna Ninavyopanga Umeme katika Satisfactory

Watu wanaoanza kucheza Satisfactory huniuliza kuhusu taa kabla ya kuniuliza kuhusu maji. Wanataka kujua swichi inafungwa wapi ili ukumbi wa kiwanda uwake na kuzimika kwa mkono mmoja, na hilo ni jambo zuri ambalo nitalieleza. Mimi ni fundi wa wayaringi za nyumba hapa Unguja, na usiku kazi zikiisha hucheza mchezo huu kwa kompyuta pamoja na mtoto wa dada yangu aliyeko Chake Chake. Kwa yaliyotupata sisi wawili, ushauri wangu wa mwanzo kwa kila anayeuliza ni kwamba swichi ya kwanza kuifunga si ya taa, bali ni ile inayotenganisha pampu za maji na kila kitu kingine.

Kwa asiyeujua mchezo, mchezaji ni mhandisi aliyeteremshwa katika sayari ngeni ili ajenge viwanda, kuanzia kuchimba chuma mpaka kuunda mashine kubwa. Umetengenezwa na Coffee Stain Studios ya Sweden, ulianza kuchezwa na watu mwaka 2019 ukiwa bado haujakamilika, na toleo kamili likatoka tarehe 10 Septemba 2024. Umeme mwanzoni hutoka katika jenereta zinazochoma majani na magogo, kila moja ikitoa megawati 30. Baadaye huja jenereta za makaa ya mawe zenye megawati 75 kila moja, ambazo haziendi bila ya maji. Kila kilichounganishwa kwa waya huhesabiwa kuwa gridi moja, na matumizi yakizidi uwezo, fyuzi ya gridi nzima hukatika, na mashine zote husimama papo hapo, iliyozidisha na isiyozidisha.

Tulikuwa na jenereta nane za makaa, yaani megawati 600, na matumizi yetu yalikuwa kama megawati 560. Kijana alikuwa akitengeneza njia ya gari karibu na machimbo, nguzo moja ikawa imemkalia njiani, akaivunja kwa nia ya kuirudisha baadaye. Nguzo ile ndiyo iliyokuwa ikilisha moja ya mashine zetu mbili za kuchimba makaa. Kwa dakika kadhaa hakuna aliyeona kitu, kwa sababu mkanda unaopeleka makaa kwenye jenereta ulikuwa bado umejaa. Kisha makaa yakapungua nusu, jenereta za mwisho wa mkanda zikakauka moja baada ya moja, uwezo ukashuka chini ya matumizi, na fyuzi ikakatika.

"Mjomba, kumezimika!" aliniambia kwenye simu.

"Huko kwenu au ndani ya mchezo?"

"Ndani ya mchezo. Nairudisha fyuzi, inashika kidogo tu, inakatika tena."

Na ingeendelea kukatika hata angeirudisha mara mia. Nguzo ilikwisha kurudishwa mahali pake, lakini mashine ya kuchimba ilihitaji umeme ili ilete makaa, pampu zilihitaji umeme ili zilete maji, na jenereta zilihitaji makaa na maji ili zilete huo umeme. Kila tulipojaribu kuwasha, matanuri ya kuyeyushia chuma na mashine za vipuri ziliudaka umeme mchache uliobaki na kuiangusha fyuzi kabla mkanda wa makaa haujasogea. Hatukuwa na swichi hata moja. Ilitubidi tutembee kutoka nguzo hadi nguzo, tukikata waya mmoja mmoja kwa mkono, na kazi ile ilitula usiku mzima.

Nilipokuwa nikikata waya hizo niliikumbuka Disemba 2009. Tangu mwaka 1980 umeme wa Unguja ulikuwa ukitegemea waya mmoja uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, upande wa bara, hadi Ras Fumba, na hitilafu ilipotokea mwezi ule, kisiwa kilikaa bila umeme wa gridi mpaka Machi 2010. Wageni hudhani kilichotutesa ni giza. Giza tulilizoea mapema; chemli zilitolewa stoo, vioo vikafutwa masizi, na watoto wakasoma hivyo hivyo. Kilichotuchosha ni maji, kwa kuwa maji ya mji huvutwa kwa pampu za umeme. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, na kila baada ya sala ya alfajiri nilibeba madumu mawili hadi kisima cha mtaa wa pili, nikapanga foleni, kisha nikarudi nyumbani na kubadilisha nguo za skuli zilizokwisha kuroa. Pemba wakati ule ilikuwa ikitumia jenereta za dizeli za Wesha, na waya wao kutoka Tanga haukuanza kazi mpaka katikati ya 2010, hivyo hitilafu ya Fumba haikuwagusa kabisa. Gridi mbili zisizoshikana haziambukizani maradhi. Unguja ilipata waya wake wa pili, wa megawati 100, mwaka 2013.

Sasa tuingie katika hesabu, kwa sababu hapa ndipo mchezo ulipo mwepesi kuliko watu wanavyodhani. Jenereta moja ya makaa hutumia maji mita za ujazo 45 kwa dakika na makaa 15 kwa dakika. Jenereta nane zinahitaji maji 360, na pampu moja hutoa 120, hivyo pampu tatu zinatosha bila ya kubaki wala kupungua. Makaa yanayotakiwa ni 120 kwa dakika, ambayo ni kazi ya mashine mbili za kuchimba za daraja la kwanza zikiwa juu ya machimbo ya kawaida. Pampu hula megawati 20 kila moja na mashine ya kuchimba hula megawati 5. Ukijumlisha unapata megawati 70, na jenereta moja inatoa 75. Maana yake ni kwamba jenereta moja tu kati ya nane inaweza kuzibeba pampu zote na machimbo yote, ikajilisha yenyewe na kuwalisha wenziwe saba, madhali hakuna mtu atakayeitundikia kitu kingine chochote.

Hivyo ndivyo ninavyojenga siku hizi. Jenereta ya kwanza ina nguzo zake na waya wake hadi pampuni na machimboni, na waya huo hauingii kiwandani. Kati ya gridi hiyo ndogo na gridi kubwa naweka swichi ya umeme, ambayo hupatikana baada ya kufanya utafiti wa madini ya kateriamu; ina upande mmoja wa kuingilia na mwingine wa kutokea, na mimi huiacha ikiwa imezimwa. Naiwasha pale tu ninapotaka gridi kubwa iisaidie ndogo, kama vile ninapofanya matengenezo ya jenereta ya kwanza. Kwa kuanzia siku ya mwanzo kabisa, jenereta tatu za kuni zinatoa megawati 90, nazo zinatosha kuziamsha pampu mpaka jenereta ya makaa ipate maji. Usizivunje baada ya hapo. Zifunge kwa swichi yao na uache kuni ndani.

Tukija kwenye taa, swali ninaloulizwa sana ni hili: nimeweka swichi, nimeizima, mbona taa bado zinawaka? Jawabu karibu kila mara ni kwamba umeme umepata njia ya pili. Swichi hukata waya uliopita ndani yake tu. Ikiwa taa ya mwisho ya ukumbi imeungwa na nguzo ya jirani iliyo katika gridi kubwa, basi umeme utaingia kwa nyuma na swichi yako itakuwa pambo. Kwetu kosa hilo lilikuwa katika soketi ya ukutani yenye pande mbili, ile inayopitisha umeme kutoka chumba hadi chumba. Kijana alikuwa amechomeka waya upande wa ghala ili apate umeme wa haraka, na sikuuona mpaka nilipozunguka nyuma ya ukuta. Njia yangu ya kutafuta ni ya kifundi: nazima swichi, naanzia taa ya mwisho kabisa, na narudi nyuma nikifuata kila waya kwa macho, nikihesabu nyaya katika kila nguzo. Nguzo ya daraja la kwanza hupokea nyaya nne tu, kwa hiyo kuhesabu si kazi. Ikiwa nguzo ya taa ina waya mmoja zaidi kuliko unavyokumbuka kuweka, huo ndio mwizi.

Mchezo pia una kibao maalumu cha kuendeshea taa, ambacho hubadilisha ukali na rangi, na huweza kuziamuru ziwake usiku pekee. Ni kizuri kwa njia na bandari. Hata hivyo kanuni ni ile ile: taa unazotaka kiziongoze zipitie kwake peke yake.

Hapa sina budi kusema neno la kazi yangu. Ndani ya mchezo waya mmoja unatosha kuwasha taa, na ukikosea hakuna anayedhurika. Nyumbani kuna laivu (waya unaoleta umeme), nyutro (unaourudisha) na ethi (wa usalama), umeme ni volti 230, na swichi lazima ikate laivu. Nimeingia katika nyumba ambazo swichi ilifungwa kwenye nyutro: taa inazimika kama kawaida, lakini holda bado ina umeme, na anayebadilisha globu akiamini amezima yuko hatarini. Kijana wangu nimemwambia waziwazi kwamba kuujua mchezo hakumpi ruhusa ya kufungua soketi ya mama yake.

Kiwanda kikikua, badilisha swichi za kawaida kwa zile za vipaumbele. Hizo hupangwa katika makundi manane, na umeme ukipungua hujikata zenyewe kuanzia kundi la nane kurudi nyuma, kabla fyuzi ya wote haijaanguka. Ni mgao wa umeme unaoupanga mwenyewe, ukiwa umetulia, badala ya kuupanga gizani. Mimi nimeweka taa za mapambo na mashine za bidhaa za akiba katika kundi la nane, viwanda vya vipuri katikati, na matanuri katika la pili. Pampu hazimo katika kundi lolote, kwa kuwa hazimo katika gridi hiyo. Kila swichi ipe jina linaloeleweka. "Swichi 3" haitakwambia chochote baada ya wiki mbili, lakini "Matanuri ya chuma, kaskazini" itakwambia. Na itazame grafu ya umeme ya mchezo kila unapoongeza mashine, ukilinganisha uwezo na matumizi ya juu kabisa, si matumizi ya wakati huo, kwa sababu mashine zilizosimama kwa kukosa malighafi hazihesabiwi mpaka zitakapoamka pamoja.

Na ikitokea umezimikiwa pamoja na hayo yote, zima swichi zote kwanza. Hakikisha pampu na machimbo yanakwenda, kisha usubiri mpaka mabomba yajae na jenereta zote nane zioneshe zina maji na makaa. Washa matanuri, itazame grafu kwa dakika nzima, washa vipuri, itazame tena. Kijana hupenda kuziwasha taa za njia mapema ili aone anapokwenda, na tumekubaliana kwamba kwa dakika hizo atatumia gari lenye taa.