Usihamie kisa umesikia watu wa pale wana ajira

Ndugu, umeuliza kama uhamie huo mji mdogo maana umesoma wakazi wake wengi wana ajira. Sawa, ila hesabu hiyo mara nyingi ni ya wanaolala pale, siyo ya kazi zilizopo pale, unakuta watu kibao wanaamka alfajiri kwenda kupiga mzigo mji wa jirani. Kazi za hapohapo huwa za shule, hospitali, halmashauri, maduka na mafundi, basi. We mhasibu wa kiwandani utasafiri tu. Tuseme dakika 45 kwenda, 45 kurudi, siku 5, ni masaa 7 na nusu kwa wiki na hulipwi (nauli bado!). Kabla hujalipa kodi ya nyumba nenda stendi asubuhi uone foleni inaelekea wapi, halafu uliza basi la mwisho la kurudi linatoka saa ngapi, hapo ndo wengi wanaumbuka.