Usisaini kwa Haraka za Dereva

Mzigo wa kwanza niliopokea peke yangu ulikuwa pampu za maji kumi na mbili. Saa kumi na moja jioni, foleni ya Barabara ya Nyerere imeshaanza kukaza, dereva anapiga honi: "Bosi, saini niwahi, maboksi si unayaona yote?" Nikasaini. Kesho yake tukakuta mawili yamepasuliwa chini na kubandikwa upya, ndani hamna mota. Karatasi ilisema mzigo umefika salama, na sahihi ni yangu. Nilikatwa mshahara miezi mitatu.

Kwa hiyo, mdogo wangu unayeanza stoo ya mashine, kagua kabla kalamu haijagusa karatasi. Kontena likifika, soma namba yake, herufi nne na tarakimu saba, kisha namba ya sili, kile kifungo cha mlangoni kinachokatwa wakati wa kufungua, ulinganishe na nyaraka. Sili ipige picha ingali nzima. Ikishakatwa utabaki na maneno matupu. Boksi limebonyea? Andika palepale kwenye nakala ya dereva: "boksi la 4 limebonyea, kona imelowa," naye asaini. Atanuna. Mwache anune. Ila ukiandika tu "mzigo una kasoro", bora ungenyamaza.

Baadhi ya mashine huja na stika inayogeuka nyekundu zikigongwa njiani. Itazame mashine ikiwa bado juu ya gari, maana ikishashushwa itasemwa watu wako ndio walioigonga. Na foroklifti ya tani 3 usiiamini kijinga: mara nyingi tani hizo zimepimwa kitovu cha uzito kikiwa sentimita 50 kutoka kwenye mgongo wa uma. Jenereta pana likikisogeza mbele zaidi, uwezo unapungua, na magurudumu ya nyuma yanaweza kuinuka.

Kutoa mzigo nako kulinifundisha. Tulimpelekea mkulima wa Njombe pampu ya umeme wa njia tatu, kwake ana njia moja. Boksi lilikuwa sahihi kabisa. Pampu ndani siyo. Nauli ya kwenda na kurudi ikawa juu yetu, na matusi ya simu juu yangu. Siku hizi nafungua boksi, nasoma bamba la mashine yenyewe, naandika namba yake kwa mkono kwenye hati ya kutolea. Jumamosi narudia mara mbili, kwa sababu siku hiyo wateja huja kujaribu pampu na vijana wa dukani hurudisha kila moja kwenye boksi lolote lililo karibu.