Nani Kalitikisa?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nasoma uhandisi wa majengo, naishi Ubungo. Nimepewa kazi ya kuwaandikia mafundi maelezo mafupi kuhusu namna jengo linavyotikisika lenyewe kwa lenyewe. Mhadhiri wetu husema "maumbo ya hali asilia za mtikisiko". Mwenzangu ananiambia niandike "modi" tu, kutoka "mode" ya Kiingereza, yaishe. Lipi sahihi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Ningekujibu kwa mstari mmoja ukaenda zako, ila umeandika "linavyotikisika lenyewe", na hapo umenigusa penye donda. Jibu lako litakuja. Kwanza niache nipumue.

Siku hizi mji huu unatikiswa kutwa kucha. Fungua gazeti lolote la burudani: msanii katikisa Dar, usajili watikisa Msimbazi, kitchen party yatikisa Sinza. Kuna siku nilisoma kwamba bei ya vitunguu imetikisa Kariakoo. Siku hiyo mimi nilikuwepo Kariakoo. Hata bakuli la muuza karanga halikusogea.

Kutikisa ni kazi, na kazi ina mwenyewe. Unaushika mwembe, unautikisa, maembe yanadondoka. Ukiuachia, matawi yanatulia. Chupa ya dawa inatikiswa kabla ya kunywewa. Awepo mtikisaji, kiwepo kinachotikiswa, na kitendo kionekane. Ndiyo maana ukiniambia tetemeko limetikisa Bukoba, kama lilivyofanya Septemba 2016, sina neno: mtikisaji yupo, na nyumba zilianguka kweli. Lakini kitunguu?

Watu wa mtaani wamelielewa neno hili kuliko wahariri. Wao wanasema "kutikisa kiberiti". Unakitikisa kile kiboksi sikioni usikie kama njiti zimo au hazimo. Mkono unatikisa, kiberiti kinajibu. Kushika hiyo tofauti kati ya mkono na jibu, mwanangu, ni nusu ya somo lako.

Hilo jibu lina kitenzi chake: kutetemeka. Ni neno letu la Kibantu, na linajieleza kwa mlio, te-te, kama meno ya mtu mwenye homa. Mtu wa malaria hatetemeshwi na blanketi, anatetemeka. Chanzo chaweza kuwa nje, lakini namna ya kutetemeka ni yake. Wanamuziki walipolichukua "tetema" wakalipeleka ukumbini sikulalamika hata kidogo, maana anayetetema anautetemesha mwili wake mwenyewe. Sarufi ilikuwa imekaa sawa, mengine hayanihusu.

Sasa panda daladala la Mbagala wakati wa foleni, ukae dirishani. Injini ikiwa silensa, yaani inanguruma taratibu gari limesimama, kioo kinaanza: trrrrr, mpaka jino linakuuma. Dereva akikanyaga mafuta kidogo unategemea kelele izidi, maana injini imeongeza kasi. Kumbe kioo kinanyamaza kabisa, na badala yake lile bomba la kushikia linaanza kukuwasha viganja. Gari likichanganya, bomba linatulia, sasa ni zamu ya bati la paa. Injini ni ileile moja! Kila kimoja mle ndani kinangoja kipigiwe mdundo wake, na usipokuwa wake hakiinuki kucheza. Gazeti lingeandika "Injini yatikisa daladala", nawe usingejua kwa nini kioo kilinyamaza.

Halafu mwangalie konda. Anakunja kipande cha boksi, anakichomeka pembeni ya kioo, kelele kwisha. Injini hajaigusa. Amebadilisha namna kioo kilivyoshikwa, na kitu kikishikwa vingine, kinatetemeka vingine. Boksi lenyewe nalo linameza sehemu ya mtetemo. Wahandisi wanalipwa fedha nyingi kufanya hivyo kwenye madaraja. Konda anadai nauli tu.

Majengo nayo yako hivyohivyo. Kwa kadirio la haraka la wenzako, kila ghorofa huongeza kama sehemu ya kumi ya sekunde, hivyo jengo la ghorofa 10 huchukua karibu sekunde 1 kuyumba kwenda na kurudi, na la ghorofa 20 karibu sekunde 2. Usiku wa 12 Agosti 2020, ardhi ilipotetemeka chini ya bahari kusini mashariki ya Dar, waliokimbilia ngazi ni watu wa ghorofa za juu, maana huko juu ndiko jengo linakoyumba zaidi. Baadhi ya jirani zao wa chini walikuwa wakiuliza kuna nini.

Ukitaka shahidi wa mbali, yupo daraja la Tacoma Narrows huko Marekani. Lilifunguliwa Julai 1940, likaanguka Novemba 7 mwaka uleule. Upepo siku hiyo ulikuwa kama kilomita 64 kwa saa, unavuma kwa mfululizo. Haukuwa ukilishika na kuliachia kama mtu na mwembe wake. Daraja lenyewe, kwa kujipinda kwake, lilikuwa likiuchotea upepo nguvu, likazidi kujipinda, upande huu juu, upande ule chini. Profesa Farquharson, mhandisi aliyekuwa akilichunguza daraja hilo, aliweza kutembea kwenye mstari wa katikati, kwa sababu katika mpindo ule mstari huo ulikuwa karibu umetulia. Kwa hiyo hata hapo "upepo umetikisa daraja" ni kauli ya mtu mvivu. Daraja lilitetemeka mpaka likajimaliza.

Haya, maneno yako. "Mtikisiko" libaki kwa kinachotoka nje. Kinachotoka ndani ya jengo ni mtetemo. "Hali" liondoe kabisa. Ukiandika "hali ya jengo" fundi atadhani limelazwa. "Umbo la mtetemo" si kosa, ila umbo ni kile kitu kilichonacho hata kikiwa kimetulia. Wewe unataka namna kinavyokaa kikiwa ndani ya mchezo, na hilo kwa Kiswahili ni mkao. Andika "mikao asilia ya mtetemo". Katika mkao wa kwanza jengo lote linainama upande mmoja kama mnazi kwenye upepo wa kusi. Katika wa pili, kiuno kinakwenda kulia na kichwa kushoto, kama mcheza mdundiko, na kati ya kiuno na kichwa pana mahali ambapo hapaendi popote. Mchoree fundi mnazi na mcheza ngoma, ataelewa kabla hujamaliza sentensi.

Na "modi"? Iandike ukitaka, sitakuitia polisi. Tumeshapokea injini, breki na hiyo silensa yenyewe, na hakuna aliyekufa. Ila fundi akikuuliza modi ni nini, utamjibu "mkao", sasa sijui kwa nini ulizunguka.

Mhariri wa ile kitchen party ya Sinza naye nina swali lake, akipata nafasi anijibu: ilitikisika mara ngapi kwa sekunde?